Ushauri wadau: mafundi wanne kwenye mashua moja, kila mmoja nahodha

MwanaMtongwe:
Assalaam aleikum wadau, hamjambo nyote. Nina jambo laninyima usingizi, naomba ushauri wa watu wazima.

Nasimamia ukarabati wa mashua huku Mtongwe, Mombasa. Mwenye chombo ataka ibebe watalii msimu wa kaskazi, na kazi niliipokea mimi. Mafundi ni wanne, na kila mmoja ni fundi kwelikweli. Hapo ndipo penye shida. Mkubwa wao hapimi kwa futi. Hufumba jicho moja, akautazama ubao kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), na akisema umepinda basi utang'olewa hata kama misumari ishaingia yote. Wa pili alitoka kwenye boti za faiba, ataka chombo kizima kipakwe resini. Wa tatu ni mvuvi pia; bahari ikitulia humuoni. Wa nne hana maneno, lakini ukimwambia anza hapa huanza kule.

Nikiita kikao wote hukubali. Asubuhi kila mtu na lake. Watu kama hawa waongozwa vipi bila kuvunjwa moyo?

MamaKibokoni:
Mwanangu, pole. Mimi ni mpishi wa harusi, haya nayajua. Wa wali ana sufuria lake na wa rojo ana lake, na mimi siingizi mwiko kwa yeyote. Mwaka mmoja bibi harusi mwenyewe alikuja jikoni kuagiza chumvi iongezwe, wapishi wangu wawili wakavua aproni wakakaa chini. Nilipika biriani ya watu wote na binti zangu. Vijana wa leo mwataka kuagiza tu. Heshima kwanza.

MlaMahamri:
Huyo wa nne asiye na maneno mpe namba yangu, ofisini kwetu tuna upungufu wa watu hao 😂

Kaskazi78:
Mleta uzi, wote umewaeleza kwa mstari mmoja mmoja, ila huyo mkubwa umemueleza hadi jicho. Ni nani kwako? Na siku ya kuiteremsha mashua majini ilipangwa na nani?

MwanaMtongwe:
Siku ilipangwa na mwenye chombo, yeye ndiye mwenye pesa. Swali langu ni la uongozi jamani, si la ukoo.

Mpwani_Halisi:
Mimi naomba tuzungumze hiyo resini kwanza. Usikubali! Mbao kuukuu ina maji ndani. Ukiifunika kwa faiba yale maji hayana pa kutokea, ubao waoza kimyakimya na nje wang'aa. Pamba ya kuziba nyufa na mafuta vimetosha miaka yote. Na mtu asiniambie kwamba mafundi wa zamani hawataki mambo mapya. Ile jahazi Flipflopi ilijengwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa, ikateremshwa 2018, na 2019 ikasafiri mpaka Unguja. Walioijenga ni mafundi hawahawa wa jahazi. Ilibidi wajaribu wenyewe, wakate, wapasue, wakosee, mpaka wakajua ile plastiki yashika msumari vipi. Kazi kama hiyo haisimamiwi kwa saa mkononi.

Kaskazi78:
Ahsante Mpwani, lakini swali langu bado. Huyo mzee ni nani?

MwanaMtongwe:
Haya. Ni mjomba wangu, ndugu wa mama kwa baba na mama. Ndiye aliyenishikisha tezo nikiwa mdogo.

Na kwa kuwa mtauliza mpaka mjue: kuna fundi wa Lamu nishamtumia nauli, atafika wiki ijayo. Lakini nieleweni. Sijamfukuza mjomba. Huyu atashika upande wa tezi peke yake, mjomba abaki na omo. Mwenye chombo hupiga simu kila jioni, nami ndiye nitakayedaiwa pesa zake. Mngekuwa nyinyi mngefanyaje?

BintiMvita:
Mjomba ana habari?

MwanaMtongwe:
Bado. Natafuta wakati mzuri.

MamaKibokoni:
Subhanallah. Ndugu wa mama!

TumbiliWaNyali:
Wadau mwanyweshwa chai hapa. Wiki iliyopita kwenye uzi wa picha za Pwani huyuhuyu alituwekea mashua imeshapakwa rangi, nyeupe na buluu. Leo mafundi wang'oa mbao? Nani hupaka rangi kabla ya kukalafati, kuziba nyufa kwa pamba? Hii ni hekaya, na huyo mjomba hayuko.

MlaMahamri:
Rudisheni vikombe 😂

MwanaMtongwe:
Ndugu Tumbili, usinitie uongoni. Itazame picha tena. Rangi ni ubavu wa juu tu, maji hayafiki pale. Chini mbao ni tupu, na pamba yaonekana inaning'inia kwenye nyufa karibu na mkuku, ule uti wa chini wa chombo. Mwenye chombo alitaka picha za kuwatumia mawakala wake, nikamwambia fundi wa faiba apake. Mjomba alikasirika siku hiyo, hakuja kesho yake.

TumbiliWaNyali:
Nimeitazama. Pamba ipo kweli. Naondoa maneno yangu, samahani.

FundiRanda:
Mimi nimejenga vyombo, naomba nisikizwe. Kwa maelezo haya mafundi wako wana msimamizi mwingine, naye ni mwenye chombo kupitia simu yako. Yeye kapanga siku, yeye kapanga rangi. Fundi akijua hivyo, kikao chako atakiitikia kwa adabu tu.

Gawa kazi kwa sehemu, si kwa saa. Mvuvi mpe kalafati ya ubavu mmoja aimalize kwa wakati wake, uikague ikiisha. Wa faiba mpe tangi la maji na choo, huko resini yake ina faida. Mstari wa mbao ni wa jicho moja, na jicho hilo ni la mjomba. Omo na tezi hazigawiki kwa mafundi wawili, ubao ni mmoja wapita kote.

Sasa niambie, siku ya kuteremsha mwezi utakuwa na siku ngapi?

MwanaMtongwe:
Nimehesabu. Siku nane.

FundiRanda:
Maji mafu hayo, hayapandi sana. Chombo kimekaa juu ya mchanga, bila bamvua, maji makuu, hakielei hata mkiita Mtongwe nzima isukume. Yabidi kungoja mwezi mpevu, kama wiki moja mbele. Mjomba hakukwambia?

MwanaMtongwe:
Alisema "maji hayatafika", akanyamaza. Nilijua ataka kuongezewa siku. Basi mwenye chombo nitampigia leo, tarehe isogee. Lakini fundi wa Lamu simrudishi, nauli ishakwenda na mikono bado yahitajika.

BintiMvita:
Asirudi, aje. Ila mjomba amsikie kutoka kwako, na leo, kabla hajamuona ashuka na kikapu cha vyombo vya kazi. Muulize yeye ampe kazi gani.

Kaskazi78:
Jumapili navuka feri kuja huko. Niambie mwalaza wapi hiyo mashua, nije na patasi ya kukalafatia, ninayo ya ziada.