Samaki wa mbao anayekimbia kelele: abaki darasani au aondolewe?

Mwalimu, Ujiji: Habari za jioni wadau. Kikao cha wazazi juzi kimeacha maneno, naomba tuyamalizie hapa. Wanafunzi wangu pamoja na fundi redio wametengeneza mgebuka wa mbao kutoka ubao wa mtumbwi chakavu. Masikio yake ni maikrofoni mbili za simu mbovu, shingo inazungushwa na mota ya gari la kuchezea. Ukimsemesha taratibu anakugeukia. Ukipiga kelele anakupa mgongo na taa ya jicho inazimika. Mzazi mmoja akadai tunawafundisha watoto kwamba vyombo vina roho, kipindi kirudishwe kwenye hesabu.

Wazo nimelichukua mbali. Mwaka 1970 msanii Edward Ihnatowicz, mzaliwa wa Poland aliyeishi Uingereza, alisimamisha mjini Eindhoven, Uholanzi, sanamu ya chuma iitwayo Senster, yenye urefu wa zaidi ya mita 4, ikiongozwa na kompyuta. Ilifuata sauti za chini na kukwepa vishindo. Kanuni zake zilikuwa chache tu, ila watu waliiona kama mnyama hai. Uhai ule waliuleta wao, na hilo ndilo nataka watoto walione.

Wiki iliyopita mtoto ambaye tangu Januari sijamsikia akijibu swali alichuchumaa mbele ya samaki, akanong'ona. Shingo ikageuka polepole, jicho likawaka. Darasa zima likanyamaza bila mimi kugonga meza. Sijawahi kupata kimya kile kwa fimbo. Kipindi kibaki.

Mama wa mwanafunzi, Mwanga: Shikamoo mwalimu. Aliyesema kikaoni ni mimi. Mwanangu alibakiza ugali wa muhogo ampelekee huyo samaki, "asije akaninunia." Nilikosa usingizi. Mtoto mwenye huzuni aje kwangu au kwa bibi yake, asiende kwa mota.

Mwanachuo, Tabora: Mama ana hoja. Joseph Weizenbaum wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, alitangaza ELIZA mwaka 1966, programu ya kompyuta iliyojibu watu kwa kuwarudishia maneno yao wenyewe. Alishtuka watu walipoanza kuifungulia moyo. Hao walikuwa watu wazima.

Fundi redio, Mwanga: Nyaya nimefunga mimi. Samaki afunguliwe tumbo kwanza, watoto waone mota, ndipo wamsemeshe. Kuna kijana amegundua kwamba hata ukisugua viganja anageuka.

Mwalimu, Ujiji: Marahaba mama, na samahani kwa usingizi uliokosa. Fundi, hapo tunatofautiana. Ukianza na nyaya, mtoto hatajua alichokihisi. Waongee kwanza, kisha tufungue siku hiyohiyo, asiende mtu nyumbani na fumbo. Hilo la siku hiyohiyo sikulifanya, kosa ni langu.

Mama wa mwanafunzi, Mwanga: Alhamisi nakuja. Bisibisi ashike mwanangu.