Maji mekundu kwenye majaruba ya chumvi: eti uhai ulianzia hivi?

Mvunachumvi:
Habari zenu wakuu. Niko huku Mtwara Vijijini, napiga kazi kwenye majaruba ya chumvi ya mjomba, msimu ndo umekolea jua kali na kusi linapuliza. Sasa lile jaruba la mwisho la kuvunia maji yamegeuka mekundu kabisa kama juisi ya rosela, na haya ya kati huku chini kuna utando flani wa kijani unateleza, ukiukanyaga mguu ukazama unatoka na tope jeusi linanuka yai viza. Mpwa wangu yuko kidato cha tatu, alikuja likizo akaangalia akasema anko uhai wa dunia ulianza hivi hivi, kwenye madimbwi. Nikamcheka, ila usiku usingizi haukuja. Maana mwaka juzi jaruba lile tulilikausha tukakwangua mpaka udongo, na wekundu umerudi. Kwa hiyo uhai unajianzisha tu humu kila msimu? Nisaidieni, na msinitukane mimi ni darasa la saba.

Konda_wa_Kusini:
Hilo jini linaoga mkuu, choma ubani 😂😂

Mama Chanja:
Mbona kujianzisha ni kawaida tu wanangu. Mimi nakausha samaki miaka mingi, ukimsahau siku mbili anatoa funza mwenyewe, nani kamtia? Na maji ndo hivyo hivyo.

Ticha_Bios:
Shikamoo Mama Chanja. Hao funza wana mama yao, ni inzi. Kuna Mwitaliano anaitwa Francesco Redi, mwaka 1668 aliweka nyama kwenye vyombo, vingine akaacha wazi vingine akafunika kitambaa chepesi, ile iliyofunikwa haikutoa funza, inzi wakabaki kutaga juu ya kitambaa. Wewe mwenyewe ukitandaza chandarua juu ya chanja si unaona tofauti? Halafu miaka ya 1860 hivi Mfaransa Louis Pasteur akachemsha mchuzi ndani ya chupa yenye shingo ndefu iliyopinda kama ya bata, hewa inapita lakini vumbi linanasa kwenye ile kona, mchuzi ukakaa na kukaa bila kuchacha. Alipovunja shingo, ukachacha.

Kwa hiyo Mvunachumvi, hapana, jaruba halianzishi uhai upya kila msimu. Huo wekundu ni arkea wapenda chumvi, yaani vijidudu vya seli moja vinavyofanana na bakteria, pamoja na mwani mmoja mdogo mno unaitwa Dunaliella. Ulivyokwangua hukuwamaliza, maana punje ya chumvi inavyoganda inafungia vijitone vya maji ndani yake na arkea wanajibanza humo wanasubiri. Rangi yao ni ya ukoo mmoja na ile ya karoti, inawakinga na jua. Muulize mjomba kama maji yakiwa mekundu chumvi haiwahi kuganda. Inawahi, maji yenye rangi yanakamata joto zaidi ya maji meupe.

Mvunachumvi:
Ee bwana mjomba kweli huwa anafurahi yakiwa mekundu, kumbe. Lakini sasa ndo mmenivuruga zaidi. Kama huyo wa chupa amethibitisha uhai hautoki pasipo na uhai, wa kwanza kabisa ulitoka wapi??

Abuu_Msangamkuu:
Hapo ndo mwisho wa maabara kaka. Tumefundishwa toka madrasa kila kilicho hai kimetokana na maji, na mwenye kuleta maji tunamjua.

Ticha_Bios:
Abuu sina ugomvi na wewe, hata hao wataalamu wote wanaanzia kwenye maji, mimi nasimulia tu kilichopimwa.

Mvunachumvi swali lako ndo lenyewe. Pasteur alionyesha kwamba leo, kwenye mchuzi, haitokei. Dunia ya mwanzo haikuwa ya leo. Charles Darwin mwaka 1871 alimwandikia rafiki yake Hooker, akawaza dimbwi dogo la uvuguvugu ambamo kemikali zinaungana mpaka kitu cha maana kinatokea, akaongeza kwamba siku hizi kitu hicho kikitokea kingeliwa papo hapo na viumbe vilivyopo. Fikiria unaacha wali uani halafu mtaa mzima hauna kuku hata mmoja, utakaa. Zamani hizo hapakuwa na kuku. Wala oksijeni ya kuchakachua kemikali hewani haikuwepo.

Mwaka 1953 kijana mmoja wa Chicago, Stanley Miller, chini ya profesa wake Harold Urey, alitoa majibu ya jaribio lake: chupa yenye mvuke wa maji, methani, amonia na haidrojeni, anapiga cheche za umeme kama radi. Methani ndo hiyo sehemu kubwa ya gesi yetu ya Msimbati. Ndani ya wiki moja maji yakabadilika rangi na mkawa na asidi amino, yale matofali ya protini. Baadaye walimkosoa kwamba hewa ya mwanzo haikuwa hivyo, ilikuwa zaidi kaboni dayoksaidi na naitrojeni, sawa, ila mwaka 1969 kimondo kikadondoka Murchison kule Australia na ndani yake asidi amino kibao. Kwa hiyo matofali si tatizo, yanapatikana mpaka angani. Tatizo ni nyumba.

Na hapa ndo nampinga mpwa wako, japo mwambie kajitahidi. Umewahi kufua kwa maji ya bahari? Sabuni ya mche haitoi povu, inafanya vidonge vidonge tu. Sasa kuna hoja kwamba ngozi za seli za mwanzo zilikuwa za mafuta ya aina ile ile ya sabuni, kwenye maji yasiyo na chumvi zinajikunja zenyewe zinafanya vifuko, ukitia chumvi na madini ya bahari zinavurugika. Ndo maana mtu kama David Deamer wa Marekani anasema tafuteni madimbwi ya chemchemi za moto juu ya nchi kavu, maji matamu, yanakauka yanalowa yanakauka yanalowa, kule kukauka ndo kunazibana kemikali mpaka ziungane minyororo mirefu. Wengine wanakataa kabisa, wao wanasema chini ya bahari kwenye matundu ya maji moto yaliyogunduliwa 1977 karibu na Galápagos, kuna nishati ya bure na miamba yenye vitundu vitundu inayoweza kusimama badala ya ngozi. Kambi mbili hizo hazijamalizana. Lakini jaruba la kuvunia, lenye chumvi mara saba na zaidi ya bahari? Hapo anaishi fundi aliyeshajifunza, si mwanafunzi wa siku ya kwanza.

Cha ajabu chako kiko kwenye yale majaruba ya kati unayoyaona machafu. Huo utando wa kijani kwa sehemu kubwa ni sayanobakteria, yaani bakteria wanaojitengenezea chakula kwa jua kama majani, na mawe yenye alama za utando wa vijidudu yako Pilbara, Australia, yana umri wa karibu miaka bilioni 3.5. Unajua kwa nini huoni utando kama huo pale ufukweni kwenu? Konokono wanaula. Jarubani chumvi imewafukuza konokono, ndo maana unanenepa. Shark Bay, hiyo hiyo Australia, kuna ghuba ina chumvi karibu mara mbili ya bahari na utando umejenga mpaka vichuguu vya mawe kwa sababu hiyo hiyo. Zamani konokono hawakuwepo popote, kwa hiyo pwani zote zilikuwa jaruba la mjomba wako.

Konda_wa_Kusini:
Ticha umenifikirisha ngoja niweke kwa barabara nielewe. Lindi mpaka Mtwara tuseme kilomita 100 kamili, inazidi kidogo najua msinikosoe. Dunia inaanza stendi ya Lindi miaka bilioni 4.5 iliyopita, kila kilomita miaka milioni 45. Utando wa ticha tunaukuta kilomita ya 23, yaani ndo tunakaribia Mnazi Mmoja pale Mingoyo wauza korosho wanakimbilia dirishani. Halafu ni hiyo biashara tu, utando, utando, utando. Oksijeni inaanza kujaa hewani lini?

Ticha_Bios:
Karibu miaka bilioni 2.4 iliyopita. Na anayeitoa ni huyo huyo wa kijani. Kwanza ilikwenda kuotesha kutu chuma kilichokuwa kimeyeyuka baharini, mpaka leo sehemu kubwa ya chuma kinachochimbwa duniani ni kutu ile.

Konda_wa_Kusini:
Basi kilomita ya 47, nusu ya safari na bado hakuna hata panzi. Wanyama wenye magamba magumu kama ya konokono miaka milioni 540, hao kilomita 12 kabla ya mwisho, yaani tunaingia Mikindani! Safari nzima abiria kalala. Na mtu, tuseme laki tatu za miaka... mita 6 au 7 za mwisho, gari limeshasimama mlango umefunguliwa watu wanagombea mabegi 😂

Ticha_Bios:
Umesahau kituo kimoja, kama kilomita ya 60. Seli moja ikammeza mwenzake asimmeng'enye, wakakaa nyumba moja. Aliyemezwa ndo mitokondria iliyomo ndani yako sasa hivi inayokupa nguvu ya kuita abiria. Lynn Margulis alipoandika hivyo mwaka 1967 wenzake wengi walimwona wa ajabu.

Binti_Lindi:
Na mjusi wetu wa Tendaguru huku Lindi, yule dinosaria, yuko wapi kwenye hiyo barabara? Msimruke maana kila mtu anamruka. Wajerumani walichimba 1909 mpaka 1913, wazee wetu wakabeba mifupa vichwani kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, leo amesimamishwa Berlin ana urefu wa mita 13 kwenda juu na sisi tunamwona kwenye simu.

Konda_wa_Kusini:
Miaka milioni 150 dada, kilomita tatu na kidogo kabla ya stendi. Mikindani ameshapita.

Binti_Lindi:
Kumbe naye ni wa juzi tu. Ila warudishe.

Mvunachumvi:
Wakuu nimerudi. Leo asubuhi nimechukua panga nimekata kipande cha ule utando kama mtu anakata keki. Juu kijani, chini yake zambarau hivi, chini kabisa nyeusi ile ya yai viza. Ticha hiyo zambarau ni nini?

Ticha_Bios:
Bakteria nao wanakula jua, ila hawatoi oksijeni na wengi wao hawaipendi, ndo maana wamejificha chini ya wenzao. Wanatumia hiyo hiyo gesi ya yai viza inayopanda kutoka kwenye ule weusi. Umekata mtaa mzima huo.

Mvunachumvi:
Basi nilikuwa nakata cha pili nimpigie picha mpwa, mjomba akanikuta. Kafoka huyo, anasema huo utando ndo unazuia maji yasizame ardhini, nimemtobolea jaruba na bamvua ni keshokutwa. Naenda kuziba kwa udongo, nitasoma mengine usiku.