Kutoa filamu kwenye kaseti: kifaa cha kuvuta ulimi au kifungua chupa?

Nyalenda_Picha: Hamjambo wanajamvi. Nina kaseti nne za filamu ya kamera nilizokwisha kupiga, nataka kuzisafisha kwa dawa mwenyewe hapa Kisumu. Nimekwama kwenye kutoa filamu. Kuna kile kifaa cha kuvuta ulimi, yaani ncha ya mwanzo ya filamu iliyomezwa ndani ya kaseti, na kuna wanaobandua kaseti kwa kifungua chupa. Ninunue kifaa au la? Nataka kuagiza kabla ya Ijumaa.

Menengai58: Ndugu, hujasema ni filamu gani, rili yako (ile ya kuviringia filamu ndani ya tangi la dawa) ni ya plastiki au ya chuma, wala kama una chumba cha giza au mfuko wa giza. Na kamera je, ikirudisha filamu humeza ulimi wote? Tukushauri kwa lipi?

MamaNegativu: Kifungua chupa, siku zote. Gizani, simamisha kaseti kitovu kilichochomoza kikiwa chini, bandua kifuniko cha upande bapa, filamu inatoka nzima na kijiti chake. Haipiti tena kwenye ile mahameli ya mdomoni. Punje moja ya mchanga ikinasa hapo, una mstari kutoka picha ya 1 hadi ya 36.

Menengai58: Mama, kwa heshima, kifaa ni bora kwa anayeanza. Unavuta ulimi mchana kweupe, unaukata wima kwa makasi, unafanya pembe ziwe za mviringo kidogo, na unaingiza sentimita chache za mwanzo kwenye rili ukiona. Gizani unabaki na kuzungusha tu. Kama huna kifaa, chukua kipande cha filamu ya zamani, kibandike utepe wenye gundi pande mbili, kisukume ndani, zungusha kijiti, kisha vuta. Mimi hufaulu mara ya tatu au ya nne.

Dunga_Jioni: Hapo mnabishania kaseti na tatizo la Kisumu ni jasho. Mwaka jana nilipiga harusi ya binamu yangu Ahero, picha 36. Nikafungua kaseti vizuri kabisa, ndani ya mfuko, saa nane mchana, Machi. Rili ya plastiki nilikuwa nimeiosha asubuhi nikadhani imekauka. Filamu ikaingia hadi katikati ikagoma. Nikairudisha, ikagoma palepale. Mikono imelowa, mfuko una joto kama jiko, nikaanza kulazimisha, nikasikia inakunjika: krak. Mwishowe nikaisokomeza ndani ya tangi nikafunga. Ilipotoka, sehemu zilizogusana zilikuwa na mabaka ya rangi ya maziwa, na pale ilipokunjika pana alama kama mwezi mwandamo. Picha ya bibi harusi akimkumbatia nyanya yake ilikuwa kwenye baka. Nyanya alizikwa Agosti. Kausha rili usiku kucha, na fanya kazi alfajiri.

MamaNegativu: Pole sana, mwanangu.

Nyalenda_Picha: Pole sana Dunga. Filamu ni Ilford HP5, rili ya plastiki, nina mfuko. Kamera ni ya mota, inameza ulimi wote.

Menengai58: Basi nunua kifaa. Na ulimi ukishatoka, ukunje, usije ukairudisha filamu kwenye kamera ukapiga juu ya picha.

Tangi_Moja: Maji je? Ya bomba Kisumu hayakai nyuzi 20. HP5 kwenye dawa ya kusafishia ya D-76 isiyoongezwa maji ni dakika 7 na nusu kwa nyuzi 20. Joto la maji likipanda unashuka karibu na dakika 5, na hapo kosa dogo linaonekana.

MamaNegativu: Changanya dawa kipimo kimoja na maji kipimo kimoja, inakuwa dakika 11, una nafasi ya kupunguza. Au weka chupa kwenye beseni la barafu.

Menengai58: Barafu hushusha kupita kiasi. Huku Nakuru sihangaiki nayo.

Dunga_Jioni: Nyie mna baridi, msitufundishe barafu.

Kakamega_Mvua: Na filamu pana za 120 hazina kaseti, zimeviringwa na karatasi tu. Hizo mnazivua vipi bila kugusa upande wa picha?

Nyalenda_Picha: Kuna aliye karibu na Kibuye mwenye kifaa aniazime Jumamosi? Nitaanza na filamu mbovu kwanza.