Barua mbili kwa fedha moja: Tozo ya Mikopo na mdai asiyejulikana

Mama Neema, Milton Keynes

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za siku nyingi. Najua Tozo ya Mikopo, yaani kodi ya serikali ya Uingereza kwa mishahara iliyolipwa kwa jina la mkopo, iliwahi kujadiliwa humu wakati wa ripoti ya Morse, aliyepewa na serikali kazi ya kuipitia, lakini wakati ule mimi nilikuwa kimya nikijidanganya kwamba hainihusu. Kati ya 2011 na 2014 nilifanya kazi ya ustawi wa jamii kupitia ajensi, nikawekwa kwenye ambrela, yaani kampuni ya kati inayowalipa wafanyakazi wa ajensi, ambayo ajensi yenyewe ndiyo iliyonipa jina lake na namba ya simu. Hati yangu ya mshahara ninayo mezani ninapoandika, nayo ina mistari miwili: wa kwanza unasema mshahara, pauni 237 kwa wiki, na ndio uliokatwa kodi, wa pili unasema mkopo, pauni 389, na haukukatwa chochote. Nilipouliza, niliambiwa kwamba mkopo huo haurudishwi kamwe na kwamba ni namna ya kuandika tu.

Barua ya HMRC, ofisi ya kodi, kuhusu kumalizana, yaani kukubaliana nao kiasi cha kulipa, imefika, na hiyo nilikuwa naitarajia. Kilichonikata maini ni barua ya pili, kutoka kampuni ambayo sijapata kuisikia, inayodai kuwa imenunua mikopo yangu yote kutoka kwenye mfuko wa amana uliokuwa kisiwani, na kwamba nikilipa sehemu yake na kutia saini waraka ulioambatishwa kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, nitasamehewa iliyobaki. Ikiwa HMRC inanitoza kodi kwa sababu fedha ile ilikuwa mshahara, inakuwaje mtu mwingine anidai fedha hiyo hiyo kwa sababu ilikuwa mkopo? Na je, nitie saini au nisitie?

Baba Swaumu, Reading

Pole sana Mama Neema. Kwanza usitishike, kwa maana HMRC hairuhusiwi kurudi nyuma zaidi ya miaka 4, na ya kwako imepita zamani. Mimi nilikuwa fundi wa mifumo ya kompyuta, nikatumia mpango wa namna hiyo kuanzia 2007, na mwaka 2015 nikaletewa APN, notisi ya HMRC ya kulipa kabla ya ubishi kwisha. Kwa wasioifahamu, mambo ya APN hayana rufaa: unapewa siku 90 ulipe kodi inayobishaniwa kwanza, ubishi uendelee baadaye. Niliuza gari, nikakopa kwa shemeji, na mke wangu akarudi zamu za usiku akiwa na mtoto wa miezi saba. Fedha zilikwenda, na uchunguzi wa miaka ile hadi leo haujafungwa. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba usilipe kitu kwa haraka, kwa sababu mwenye haraka ndiye anayeumia.

Mhasibu Mstaafu, Leicester

Naomba tusimpoteze Mama Neema kwa habari za nusu nusu. Miaka 4 ni ukomo wa kawaida wa kukadiria kodi upya. Mtu akionekana kuwa mzembe huwa miaka 6, na akionekana alidhamiria huwa 20. Lakini hata hayo hayana uzito mkubwa hapa, kwa kuwa Tozo ilitungwa makusudi kuuruka ukomo huo. Sheria ya 2017 haikusema kwamba inakutoza kwa mwaka uliopokea fedha. Ilisema kwamba mkopo wowote ambao ulikuwa haujalipwa ilipofika tarehe 5 Aprili 2019 utahesabiwa kuwa mapato ya siku hiyo. Hapo mwanzo ilirudi hadi mikopo ya 1999. Morse alipopeleka ripoti yake Desemba 2019 ndipo serikali ikakubali kuiondoa mikopo ya kabla ya tarehe 9 Desemba 2010 na kuruhusu mzigo ugawanywe kwenye miaka 3 ya kodi. Mama Neema alianza 2011, kwa hiyo yumo ndani. Baba Swaumu, miaka yako ya kabla ya hapo haimo kwenye Tozo, ila uchunguzi uliokuwa umekwisha kufunguliwa haukufutwa na Morse, na ndiyo maana wako bado uko wazi. Mambo haya ni mawili tofauti, na nimeyaeleza humu zaidi ya mara moja.

Mkenya wa Coventry

Mhasibu, tumekusikia, ingawa si lazima kila mara utuzungumzie kama wanafunzi. Mimi ninachouliza ni swali la haki. Katika kesi ya klabu ya soka ya Rangers, Julai 2017, Mahakama ya Juu ilisema kwamba fedha ya jasho la mfanyakazi, hata ikipitishwa kwenye mfuko wa mtu wa tatu, inabaki kuwa mshahara, na kodi yake ilipaswa kukatwa pale ilipotolewa. Sasa aliyepaswa kuikata ni nani, kama si mwajiri? Lakini waliobuni mipango ile walichukua kamisheni yao kila wiki, wakafunga kampuni, wakafungua nyingine kwa jina jipya, na anayeandikiwa barua ni muuguzi na mfanyakazi wa ustawi wa jamii kwa sababu anwani yake inajulikana. Kule nyumbani tunailaumu KRA kwamba humkamua mwenye hati ya mshahara kwa kuwa ndiye asiyeweza kukimbia. Nilidhani nimehamia mahali pengine.

Babu wa Croydon

Wanangu, marahabaa. Mimi nilimalizana na HMRC 2020, kabla ya tarehe 30 Septemba kama tulivyoelekezwa, kwa sababu nilitaka kulala. Ili nipate fedha niliuza shamba langu la Mkuranga, heka tatu za mikorosho ambayo nilipanda mwenyewe nikiwa likizo. Mama yangu, ambaye yuko hai na ana miaka themanini na minane, sikumwambia. Kila msimu anatuma watoto wakaokote korosho, na aliyenunua, Mungu ambariki, huwaacha waokote, kisha hunipigia simu kunijulisha kwamba bibi amepata debe mbili mwaka huu. Sasa imetoka ripoti nyingine, ya McCann, Novemba 2025, serikali imeikubali karibu yote, na masharti ya kumalizana yamelegezwa. Nikaisoma mpaka mwisho nikitafuta fungu langu, kumbe nafuu hiyo ni ya wale ambao hawajamalizana bado. Mimi niliyetii sina changu.

Baba Swaumu, Reading

Babu, umenitoa machozi kweli. Ndiyo nilichokuwa nasema kuhusu haraka, ingawa Mhasibu aliona niko nusu nusu.

Mama Neema, Milton Keynes

Nawashukuru nyote, na Babu, shikamoo tena, nimemsomea mume wangu habari ya korosho. Lakini naomba kurudisha mazungumzo kwenye barua ya pili. Leo ni Jumatano. Waraka wao uko chini ya kopo la sukari, na kila nikichota naliona lile sanduku dogo la kutia saini, ambalo wameniwekea alama ya njano ili nisilikose.

Mhasibu Mstaafu, Leicester

Mama Neema, samahani, ni kweli tumekuzunguka. Kodi na deni ni vitu viwili: HMRC hutoza kodi, na imekuwa ikisema kwamba kama mkopo unadaiwa au haudaiwi ni shauri baina yako na aliyekukopesha, kwa hiyo kumalizana nao hakufuti karatasi za mkopo. Kuhusu saini, ningekuwa wewe nisingetia chochote kabla ya kuwataka wathibitishe kwa maandishi kwamba walihamishiwa deni hilo kihalali, pamoja na nakala ya mkataba wenye saini yako. Chini ya Sheria ya Ukomo ya 1980, ukikiri deni kwa maandishi, au ukilipa hata pauni kumi, miaka 6 inaweza kuanza kuhesabiwa upya. Waraka wanaokupa huenda shabaha yake ni hiyo hasa.

Mkenya wa Coventry

Kwa hiyo asijibu kabisa? Rafiki yangu hakujibu, akaletewa karatasi za mahakama ya kaunti. Alizijibu kwa wakati, lakini alikonda. Mhasibu, tafadhali sema wazi, ajibu au asijibu?

Mhasibu Mstaafu, Leicester

Nimesema athibitishiwe. Kuuliza si kukiri, mradi sentensi ya kwanza iseme kwamba halitambui deni hilo. Zaidi ya hapo amwone wakili. Mimi nilikuwa mhasibu.

Mama wa Mapacha, Luton

Samahani kuingilia, mimi huwa nasoma tu. Nimekwenda kabatini sasa hivi. Ninayo barua kama hiyo, tarehe hiyo hiyo, Ijumaa hiyo hiyo, na alama ya njano, ila mimi sikuwahi kuwa kwenye ambrela ya Mama Neema; yangu ilikuwa nyingine kabisa. Mama Neema, yako imetumwa kutoka anwani gani?