Mjadala: Maji yakiadimika Goma, mwenye tangi auze kwa bei yake au avenyu ipange zamu?

Mwana Majengo (mwenye mada)

Jambo yenu wote. Naleta hapa ugomvi uliotokea kwenye avenyu yetu, yaani mtaa wetu hapa Goma, mashariki ya Kongo, umeacha majirani wawili hawasalimiani mpaka leo.

Bomba la watu wote lilikauka siku 6. Jirani yetu mmoja ana tangi la lita 5,000, limejaa maji ya mvua na mengine aliyoletewa na gari. Siku ya kwanza aliuza bidoni ya lita 20 kwa faranga 500. Siku ya nne ikawa 1,000. Vijana wakagonga geti: tangi lifunguliwe, bei irudi ya zamani, watu wachote kwa zamu, na mama mmoja ashike daftari. Akawajibu, "Tangi nililinunua peke yangu. Siku ya kulipandisha kwenye msingi hamkuja hata mmoja."

Mimi niko upande wa zamu. Tuna ziwa Kivu miguuni, mvua inayotunyeshea inapita milimita 1,000 kwa mwaka, na bado tunalala na bidoni tupu. Lodwar kule Turkana, Kenya, wanapata kama milimita 200, na watu na mifugo wao wanaishi. Wao wana utaratibu. Sisi tuna mwenye tangi na mwenye kiu, basi. Katiba ya Kongo ya 2006 yenyewe, kifungu cha 48, inasema kupata maji safi ni haki. Haki gani hii inayopanda bei siku ya nne?

Fundi Matanki

Ndugu mwenye mada, mimi kazi yangu ni kufunga matanki na mifereji ya mabati, kwa hiyo sema tu kwamba natetea mkate wangu. Lakini jibu hili moja: mwaka kesho nani atanunua tangi kwenye avenyu yenu?

Hilo gari la maji halikuja bure. Umeme ukikatika pampu za ziwani zinalala, magari yanapanga foleni, na mwenye gari naye anapandisha. Jirani yako alilipa bei mpya, nyinyi mnataka awauzie kwa ya zamani.

Nchi kavu mnazozisifu nazo zinauza. Wasomali wana *berkadi*, mashimo makubwa yaliyochimbwa ardhini na kupakwa saruji ili yashike maji ya mvua. Yalianza kuenea miaka ya 1950, na mengi ni ya mtu binafsi au ukoo. Kiangazi mwenye berkadi anauza, yakiisha ananunua ya lori anajaza tena. Bila mauzo hayo, sehemu nyingi za Haud, nyanda za malisho mpakani mwa Somalia na Ethiopia, zisingekaliwa kiangazi.

Mama wa Ndosho

Wanaume mnaongea bei. Nani kati yenu amewahi kupanga bidoni?

Mimi nawaeleza. Saa kumi usiku binti yangu anatoka na bidoni nne. Kila moja ina alama, yetu ni kitambaa chekundu kwenye mkono wa bidoni. Anazipanga mstari mmoja na za wengine, halafu anarudi kulala kidogo, kwa sababu bidoni ndiyo inayosimama foleni, si mtu. Kukipambazuka anakuta kitambaa chekundu kimerudi nyuma watu kumi na mbili. Aliyezisogeza ni nani? Hakuna. Zilitembea zenyewe.

Hiyo ndiyo zamu ya kwetu. Sasa mnataka daftari. Atakayeshika daftari ana wifi, ana mama mkwe, ana rafiki wa sala. Nimekwisha kuona daftari ambalo ukurasa wa kwanza umeandikwa ukoo mmoja.

Bidoni nne ni lita 80. Nyumbani tuko watu wanane. Fanyeni hesabu wenyewe: kupika, kunywa, kufua, kuoga, choo, vyote ndani ya lita 10 kwa kichwa. Hata kipimo cha kambi za wakimbizi ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Nyumba yangu ina geti na namba, na maji yangu hayafiki ya kambi.

Mwana Majengo

Mama, pole, na aksanti kwa ukweli. Ila hujasema upande wako. Zamu au bei?

Mama wa Ndosho

Mtoto wangu, mimi nataka maji.

Dereva wa Njia Kuu

Salamu kutoka barabarani. Miaka kadhaa nimeendesha lori Mombasa, Isiolo, Moyale, mpaka kwa Waborana, wafugaji wa ng'ombe, upande wa Ethiopia. Mwenye mada anaandika kama vile watu wa ukame ni malaika. Kaka, kule watu wamepigana kwa ajili ya visima, na bunduki zimelia. Usiwapambe.

Lakini kuna kitu nilikiona Dubluk, huko kwa Waborana, ambacho sijakiona mji wowote. Visima vyao virefu wanaviita *tula*. Unashuka kwa njia iliyochimbwa ardhini mpaka kwenye birika la udongo ambalo ng'ombe wananywea. Kutoka hapo shimo linaendelea chini, na vijana wamesimama ngazi juu ya ngazi, kila mmoja anampa wa juu yake ndoo iliyojaa na kumrudishia wa chini ndoo tupu. Wanaimba. Nilidhani ni furaha. Mzee mmoja akaniambia wimbo ni wa kupima mikono: akichelewa mmoja, ndoo inamwagikia wa chini.

Sasa sikilizeni utaratibu. Kisima kina mwenyewe, anaitwa *konfi*, yaani yule aliyeanzisha kuchimba au mrithi wake. Yeye ana nafasi ya kwanza. Fundi, hapo ufurahi. Lakini konfi hauzi maji, na zamu hapangi yeye. Zamu ina mtu wake, *abba herega*, maana yake baba wa zamu. Huyo ndiye anayesema leo ng'ombe wa nani, kesho wa nani. Kiangazi kikikaza ng'ombe wananywa kila siku ya tatu. Aliyetoa vijana wa kuvuta ndoo na kuzoa tope anatangulia, aliyekaa kivulini anasubiri. Mtu mwenye kiu, hata mgeni kama mimi, anapewa kikombe. Wanaosubiri ni ng'ombe wake.

Kwa hiyo mwenye kisima na mwenye daftari ni watu wawili tofauti. Naona hapo ndipo mama wa Ndosho alipogusa.

Fundi Matanki

Dereva, hiyo habari nzuri, na umenisaidia. Aliyetoa jasho anatangulia. Vijana wa Majengo walitoa jasho gani?

Halafu Waborana wanajuana. Ukikosea kisimani, baba yako atasikia, na harusi yako itaingia matatani. Goma nani anamjua nani? Avenyu yangu ina watu wa Masisi, wa Rutshuru, wa Walikale, wapangaji wanaohama kila miezi mitatu, na waliofika na godoro kichwani. Baba wa zamu wa watu hao atatoka wapi?

Muuguzi K.

Naingia kwa dakika moja kabla sijarudi kazini. Mnagombania maji bila kuuliza ni maji gani.

Mvua ya huku si ya Lodwar. Moshi wa Nyiragongo, volkano yetu, unatia asidi na floridi kwenye matone, hasa upande wa magharibi ya mlima unakoelekea upepo. Meno ya watoto yenye madoa ya kahawia mnayoyaona si uchafu, ni floridi hiyo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha floridi miligramu 1.5 kwa lita. Na msichemshe mkidhani mnaiondoa: maji yanapungua kwa mvuke, floridi inabaki ndani ya sufuria. Mvua ikianza, acheni paa lioshwe kwanza, maji ya mwanzo yamwagwe.

Ya ziwani tatizo ni jingine, kipindupindu. Mnakumbuka Julai 1994, makumi ya maelfu ya wakimbizi walikufa hapa ndani ya wiki chache, na ziwa lilikuwa pale pale limejaa. Mwamba wa lava ni mgumu kuchimba choo, na nyufa zake zinapitisha uchafu haraka. Ukitiliwa klorini kwenye bidoni pale Kituku, tunakochotea ziwani, subiri nusu saa ndipo unywe. Watu wanakunywa njiani.

Daftari la zamu likiwepo, liandike pia maji yametoka wapi.

Mwana Majengo

Muuguzi, aksanti. Fundi, nimekusikia, na kwenye jasho umenibana. Nakubali vijana wetu walikwenda na mdomo tu.

Lakini soma na hii. Oman ni jangwa, na wana mifereji ya kale inayotoa maji chini ya milima, *falaji*. Mitano kati yake iliingizwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Maji ya falaji yana wenyewe: kila familia ina saa zake, zamani zikipimwa kwa kivuli mchana na kwa nyota usiku. Kuna hisa zinazopigwa mnada, na pesa zinarudi kuzibua mfereji. Yaani wanauza! Ila angalia mfereji unapoingia kijijini. Pale pa kwanza kabisa, kabla ya msikiti, bafu na mashamba, kila mtu anachota ya kunywa bure. Mnada ni wa kumwagilia mitende.

Kwa hiyo nabadilisha swali langu kidogo. Pengine si bei au zamu. Ni bidoni ya ngapi.

Fundi Matanki

Endelea.

Mwana Majengo

Bomba likikauka, kila nyumba ipate bidoni mbili kwa siku kwa bei aliyonunulia mwenye tangi, na kitu kidogo juu ya tangi lake. Aonyeshe risiti ya gari. Kuanzia ya tatu, auze anavyotaka. Wa kuoshea pikipiki na wa kutengeneza matofali walipe bei ya soko. Na daftari asishike mwenye tangi, wala ndugu yake.

Fundi Matanki

Na avenyu itatoa nini? Mimi nikiwa mwenye tangi nataka jasho, si risiti tu. Msingi wa tangi la pili, mchanga, mawe (mawe tunayo, Nyiragongo haina choyo). Mkinijengea msingi na kunisaidia mifereji ya paa, bidoni mbili za kwanza nakubali. Na nikisema tangi limebaki robo, mniamini.

Mzee wa Buhene

Nimesoma kimya. Wanangu, mwaka 2021, usiku wa tarehe 22 Mei, lava ilishuka ikasimama kwetu Buhene. Ilikula nyumba, ikakata mabomba na kuharibu tangi kubwa lililolisha mji. UNICEF ilisema watu karibu nusu milioni walibaki bila maji. Siku zile hakuna aliyeuliza bei, mwenye nayo alitoa. Wiki ya tatu bei ilirudi, na ilirudi na hasira. Tena Januari 2025, siku za mapigano, umeme na maji vikakatika, tukashuka wote ziwani na bidoni.

Sheria ya maji ya Desemba 2015 imefungua mlango kwa watu binafsi kusambaza maji. Fundi hana kosa kufanya kazi yake. Ila mapatano mnayoandika hapa mnayaandika bomba likiwa linatoa maji. Yaandikeni na siku ya nane ya ukame, tuone kama ni yale yale.

Mama wa Ndosho

Mzee wangu, shikamoo. Bidoni mbili kwa nyumba? Nyumba ya watu watatu mbili, na yangu ya wanane mbili? Mwenye mada, hesabu vichwa, usihesabu mageti.

Na wa daftari nimempata. Yule kijana wa chukudu, baiskeli ya mbao ya mizigo, anayesukuma maji ya watu kutoka ziwani. Hana ukoo hapa, na kila nyumba anaijua ina bidoni ngapi.

Mwana Majengo

Mama, atakubali? Muda wa kuandika ni muda asiosukuma chukudu.

Mama wa Ndosho

Basi mumlipe. Naondoka, nasikia bomba linakohoa.