Naomba ushauri: mtoto anajumlisha badala ya kuzidisha kwenye uwiano

Wakuu, habari zenu. Binti yangu ana miaka 12 na hesabu za uwiano zinatutoa jasho sote wawili. Kurahisisha 6:9 hadi 2:3 anaweza bila shida. Lakini mwambie atafute uwiano ulio sawa na 2:3 unaoanza na 4, anaandika 4:5. Ukimuuliza kwa nini: "Si nimeongeza 2 huku na 2 huku?" Kusema kweli, hata mimi nilikosa jibu la haraka.

Nimejaribu rangi: vikombe 2 vya bluu, 3 vya njano. Tukachora mchanganyiko wa pili chini ya ule wa kwanza, akahesabu mwenyewe 4 na 6, akacheka. Jedwali pia analijaza vizuri. Kesho yake nikampa 5:8 ianze na 15, akaandika 15:18. Nikachoka.

Mlitumia njia gani mtoto akaona mwenyewe kwamba kujumlisha kunaharibu uwiano? Na je, nimfundishe sasa kuzidisha kwa mshazari (yaani kuandika 2/3 = 4/x, kisha 2 × x = 3 × 4), au atakariri tu bila kuelewa?