Gemu ya muendelezo ni fupi lakini bei ni ya gemu nzima, nilipe ama niachane nayo?

Mzee_wa_Free_Area (Nakuru)

Wadau habari za jioni, naombeni ushauri kabla sijafanya ujinga na pesa ya nyumba. Mimi si kijana, niko na miaka 34, bibi na watoto wawili, na PS4 (mashini ya gemu ya PlayStation) nilinunua ya mtumba mwaka jana kwa jirani aliyekuwa anahama, ikaja na pad moja ambayo analogi (kile kijiti cha kuelekeza) ya kushoto inajivuta yenyewe na diski tatu. Moja ilikuwa Marvel's Spider-Man ile ya 2018. Nikadhani ni mambo ya watoto. Maze, nilikuwa natoka kazi saa mbili usiku, nakula haraka haraka, watu wakishalala naiwasha sauti chini, na nikaimaliza kwa wiki tano hivi. Vile inaisha sitasema kwa sababu kuna wenye hawajafika, lakini nilizima TV nikakaa tu gizani kama mtu ametoka matanga.

Sasa nataka kujua stori inaenda wapi. Inayofuata ni Miles Morales, ilitoka Novemba 2020, na kwa stoo ya PlayStation naiona dola 49.99. Nimeuliza huku na kule, kila mtu ananiambia stori yake ni saa saba ama nane basi. Ile ya kwanza ilikuwa kama saa kumi na saba na ilipotoka ilikuwa dola 59.99. Kwa hivyo wamekata stori katikati halafu bei wakapunguza dola kumi. Ni kama uagize kuku uletewe nusu halafu uambiwe lakini tumekutolea bei ya kachumbari.

Na mimi sina kadi ya benki, kwa hivyo itabidi ninunue ile kadi ya zawadi kwa jamaa wa mtandaoni, na yeye anauza dola moja kwa shilingi 148. Piga hesabu, ni 7,400. Mama watoto ameniuliza swali moja tu, hiyo ni ya kununua ama ni ya kukodi? Sikuwa na jibu.

Mnisaidie, hizi gemu za muendelezo za kudaunlodi fupi fupi zina thamani ama ni kunyonywa?

Omena_Kavu (Kisumu)

Kunyonywa. Next.

Sawa wacha nieleze. 7,400 gawanya kwa nane ni 925 kwa saa. Na 925 hapa Kondele unakalia kiti cha joint ya PS unachapwa FIFA na watoto wa darasa la sita mpaka mwenyewe akuonee huruma. Mimi niliumwa zamani na Metal Gear Solid V: Ground Zeroes, hiyo ya Machi 2014, kwa PS4 ilikuwa dola 29.99, ati ni ya kuonjesha kabla gemu kubwa, The Phantom Pain, ije. Nilianza saa kumi na moja jioni, kabla taarifa ya habari ya saa moja majina ya waliotengeneza yanapita kwa skrini. Nikadhani ni ile mwanzo wanaonyesha majina halafu gemu inaanza. Nikangoja. Hakuna kitu kilianza omera, ilikuwa imeisha. Ndio ziko misheni za pembeni kwa kambi ile ile, lakini stori yenyewe ilikuwa imeenda. Na The Phantom Pain ikaja Septemba 2015, mwaka mmoja na nusu baadaye, sote tumesahau tulikuwa tunangoja nini.

Laptop_Haizimi (Kakamega)

Omena umeumwa na nyoka mmoja sasa unaogopa kamba. Kugawa bei kwa saa ni hesabu ya muuza mahindi. Kama ni saa tu basi kuna gemu za bure zinakupa saa elfu moja za kukata miti na kuokota mawe, mbona hauchezi hizo?

Chukua Left Behind, ile kipande ya The Last of Us, ilitoka Februari 2014 kwa dola 14.99, unaimaliza kwa saa mbili na kitu. Saa mbili! Na 2015 ikashinda BAFTA, ile tuzo ya Uingereza, ya hadithi. Mimi gemu kubwa yenyewe nimeanza kuisahau, lakini ile sehemu ya wasichana wawili wanazunguka ndani ya mall imekufa taa bado iko kichwani. Chukua Far Cry 3: Blood Dragon ya 2013, dola 14.99, haihitaji uwe na Far Cry 3, kila kitu kinang'aa pinki kama matatu ya Friday usiku, unacheka mpaka mwisho na inaisha kabla mchezo haujachosha. Hiyo ingekuwa saa arobaini ningeifuta.

Lakini nakubali kitu kimoja. Hizo zilikuwa za dola 15. Miles ni 50. Hapo nami nashika mfuko. The Witcher 3 walitoa kipande cha nyongeza, Blood and Wine, mwaka wa 2016 kwa dola 19.99 na ni nchi nzima mpya, saa ishirini na zaidi, ikachukua tuzo ya RPG (gemu ya kuigiza mhusika) bora kwa The Game Awards ikipigana na gemu kamili. Kwa hivyo watu wanaweza, wakitaka.

Fundi_wa_Pad (Kisumu)

Mimi natengeneza hizi mashini kila siku na naona mnabishana kitu hakiko. Swali si fupi ama ndefu, swali ni DISKI ama HEWA.

Mzee wa Free Area sikiza. Ukinunua Miles ya kudaunlodi, hiyo 7,400 imezikwa. Huwezi kuuza, huwezi kubadilisha, huwezi kumpa shemeji, na siku hiyo akaunti ikileta shida unabaki na stori ya kusimulia. Lakini Miles ya PS4 iko kwa diski! Ya mtumba mimi naziona zikipita hapa dukani kwa 2,500, wakati mwingine 2,800 kama kasha ni safi. Unacheza, unamaliza, unaiuza 2,000 ama unabadilisha na nyingine unaongeza mia tatu. Kwa hivyo gemu imekugharimu mia tano. Sasa gawa mia tano kwa saa nane halafu uende umwambie mama watoto kwamba ilikuwa ya kukodi, na utakuwa unasema ukweli.

Tena gemu fupi ndio inafaa sana kwa biashara ya diski, kwa sababu unaimaliza haraka kabla bei ishuke. Mtu anashika gemu ya saa mia moja mwaka mzima, akija kuuza ni bei ya omena. Hii kitu imekuwa hivyo tangu enzi ya GTA IV. Zile stori mbili za nyongeza, The Lost and Damned na The Ballad of Gay Tony, zilikuwa za kudaunlodi kwa Xbox 2009, kila moja dola 20. Wenye subira wakangoja, Oktoba mwaka huo huo zote mbili zikawekwa kwa diski moja, Episodes from Liberty City, na haikuhitaji uwe na GTA IV kwanza. Hiyo diski nimeiuza mimi mwenyewe mara tatu, diski ILE ILE, inarudi kama kuku wa jioni.

Tahadhari moja tu, iinamishe chini ya taa uangalie mgongo. Mikwaruzo ya kutoka katikati kwenda nje haina neno sana, ile ya kuzunguka kufuata duara ndio mbaya, inakula sehemu ndefu ya data kwa mstari mmoja. Na usipake Colgate wakikuambia, inaongeza mikwaruzo midogo.

Hiyo analogi lete, ama fungua utoe vumbi kwa spiriti kidogo na pamba ya masikio.

Shabab_Kwetu (Nakuru)

Fundi amesema. Halafu hii mambo ya kadi ya zawadi ndugu yangu chunga. Akaunti yangu ni ya Marekani na wakati wa kufungua niliandika jimbo la kwanza lilikuja kichwani. Nikanunua kadi ya 50 kwa gemu ya 49.99, nikajiona mjanja, senti moja imebaki. Kufika kwa malipo naona wameongeza kodi ya mauzo ya hilo jimbo, pesa haitoshi, dola tatu na kitu zinakosekana na hakuna kadi ya dola tatu. Zile dola 50 zilikaa ndani miezi minne zikiniangalia. Na namba ya siri ya kadi yenyewe nilitumiwa picha imefifia, nikakaa nusu saa najaribu B, najaribu 8.

Boda_Bila_Kofia (Busia)

wazee mnateseka bure nendeni pc, Steam (duka la gemu za kompyuta) wanarudisha pesa kama umecheza chini ya saa mbili na hujapita siku 14 tangu ununue, sasa gemu ikiwa fupi ya saa moja na nusu unanunua unamaliza unaomba pesa yako, nimefanya hivo mara mbili hawajasema kitu

Laptop_Haizimi (Kakamega)

Boda hiyo ni kula hotelini halafu unasema chakula kilikuwa na nywele. Kampuni kubwa haitasikia. Lakini 2021 kulikuwa na mtengenezaji mdogo, Emika Games, wa gemu ya kutisha inaitwa Summer of '58, fupi, chini ya saa mbili. Watu wakaicheza yote, wakaisifu, halafu wakarudisha. Alitangaza anaacha kutengeneza gemu kwa muda usiojulikana kwa sababu hakuna pesa ya kufanya inayofuata. Sasa ukifanya hivyo halafu ulie kwamba kila gemu siku hizi imejazwa misheni za kuokota manyoya ili ifike saa sitini, nani amewafundisha?

Boda_Bila_Kofia (Busia)

sawa mwalimu nimeskia. ingine niliipenda sana lakini

Mama_Twins (Bungoma)

Nimesoma yote na nashangaa hakuna mtu amesoma alichoandika Mzee mwenyewe. Amesema gemu ya saa kumi na saba alimaliza kwa wiki tano. Ni saa tatu na nusu hivi kwa wiki. Kwa hivyo Miles kwake si ya wikendi moja, ni wiki mbili na kitu. Hizo hesabu za "inaisha siku moja" ni za mtu ako na siku.

Mimi niko na mapacha wa miaka mitatu. Gemu ndefu siwezi, nikirudi baada ya siku nne sikumbuki kitufe gani ni cha kuruka, nasimama mbele ya adui nikitafuta ramani. Ile ilinifaa mpaka leo ni Uncharted: The Lost Legacy, ya 2017. Ilianza kama kipande cha nyongeza cha Uncharted 4, ikakua mpaka wakaiuza peke yake kwa dola 39.99. Chloe na Nadine wanazunguka India wanatafuta pembe ya Ganesh, wanaanza bila kuaminiana. Nilichukua diski ya mtumba Bungoma mjini, nikaicheza watoto wakilala mchana, usiku kumi na moja na michana kadhaa. Kuna mahali wanakaa na tembo, mmoja wa mapacha akaamka akaona, kutoka siku hiyo TV ikiwashwa anauliza ndovu iko wapi. Nimeshindwa kuiuza kwa sababu hiyo, kwa hivyo hesabu ya Fundi ya mia tano kwangu ilikataa.

Ushauri wangu: fupi nunua, lakini usinunue kwa bei ya siku ya kwanza. Hizi gemu bei inashuka, hata kwa stoo kuna wiki wanakata nusu. Weka kwa orodha yako uendelee na maisha. Na uliza kama inamaliza stori yake yenyewe. Ile ya kukuacha umening'inia ndio wizi hata ikiwa mia mbili.

Laptop_Haizimi (Kakamega)

Usinikumbushe. Half-Life 2 walisema watatoa vipande vifupi vifupi ili tusingoje. Episode One 2006, Episode Two Oktoba 2007, inaisha mahali pabaya kabisa mtu analia juu ya maiti ya babake. Episode Three haijawahi kutoka. Nilikuwa kidato cha pili. Sasa niko na kitambi.

Mzee_wa_Free_Area (Nakuru)

Asanteni sana wadau, hasa Mama Twins, hiyo hesabu nimemwonyesha mama watoto akacheka akasema kumbe kuna mtu mwenye akili huko. Swali dogo, Miles inaisha vizuri ama itaniacha hewani?

Mama_Twins (Bungoma)

Inaisha. Ni Krismasi Harlem, kijana ndio bado anajifunza kazi, mamake anagombea kiti cha siasa. Stori yake inafunguliwa na inafungwa. Kuna ka-kitu kadogo mwishoni cha gemu iliyofuata ya 2023 lakini hakakusumbui, na hiyo ya 2023 haikutoka kwa PS4 kwa hivyo tulia.

Mzee_wa_Free_Area (Nakuru)

Basi nimeamua ni diski. Kuna mtu Nakuru ako na Miles ya PS4? Nalipa leo. Ikiwa mtu anataka kubadilisha niko na hiyo ya 2018 lakini hiyo sijui kama nitaachilia.

Shabab_Kwetu (Nakuru)

Ninayo. Hiyo hiyo niliyonunua baada ya mambo ya kodi kunishinda. 2,500, mgongo safi. Nipate kesho saa kumi na mbili jioni hapo stendi, na ukija usitaje bei ukiona niko na mke wangu. Yeye anajua nilinunua 800.